Siku 21, Tena

Jumatano, Januari 15, 2025. Hamugembe, Bukoba, usiku

Nimeuza sahani 19 leo. Jana zilikuwa 44.

Stendi ilijua kabla ya redio. Konda wa haisi ya Muleba alishuka na simu mkononi, akawa anapita meza hadi meza akisoma kwa sauti. Shirika la Afya Duniani, WHO, limesema: wahisiwa 9, waliokufa 8, Biharamulo na Muleba. Marburg. Neno lilelile. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka ndizi zikaungulia chini. Abiria wawili wakainuka hawajamaliza kula. Mmoja alilipa. Mwingine hakulipa, wala sikumfuata.

Jioni Wizara nayo ikatoa tamko lake: vipimo vyote ni hasi, Marburg haipo. Sasa tushike lipi? Wenye magari wameshika la Dodoma, maana wana marejesho. Vijana wa simu wameshika la Geneva. Mimi nimeshika ndoo. Ile ya 2023, yenye koki. Nimeitoa stoo, nimeisugua, nimeiweka mlangoni na kipande cha sabuni. Iwe ipo, iwe haipo, mikono ioshwe.

Binti yangu, mtumishi wa afya, hapokei simu. Yuko zamu, najiambia. Yuko zamu.

Alhamisi, Januari 16

Kapiga saa 11 alfajiri. Sauti imemkauka.

"Mama, usimpe mtu mkono. Hata mimi nikija, usinipe."

Nikamwuliza, mwanangu, ipo au haipo? Akanyamaza kidogo. "Sisi tunavaa, Mama." Basi. Wanavaa: glovu, barakoa, gauni, mabuti. Sikuuliza tena.

Rwanda mwaka jana, Septemba hadi Desemba, wagonjwa 66, waliokufa 15, na wengi wa waliougua ni watumishi wa afya. Hapa kwetu 2023, Maruku na Kanyangereko, wagonjwa 9, waliokufa 6, na mtumishi wa afya alikuwemo. Namba hizi nazijua kama ninavyojua bei ya mkungu wa ndizi. Usiku nashika rozari, zinakuja namba.

Sahani 14.

Jumamosi, Januari 18

Hili sitaki kuliandika. Naliandika.

Mchana kaja mtu mzima, mfuko wa salfeti begani, viatu vyekundu kwa vumbi. "Mama, kuna ndizi?" Zilikuwepo. Sufuria mbili, nyama na maharage. Nikamwuliza anatoka wapi. Tangu nifungue mgahawa huu 2019, kwa kiinua mgongo changu cha ualimu, sijawahi kumwuliza mteja anatoka wapi. Akasema Biharamulo, amekuja kufuatilia mirathi ya kaka yake.

Nikamwambia zimekwisha.

Aliiangalia sufuria. Mvuke ulikuwa unatoka. Akasema, "Haya, Mama, asante," akaweka mfuko begani akaondoka. Hakubishana. Laiti angebishana.

Machi 2023, mtaa huuhuu, nilisimama dukani na noti ya elfu kumi, nataka sukari na mafuta ya taa. Mwenye duka akaniambia: iweke chini hapo, wewe nenda, nitamtuma mtoto alete. Mtoto hakuja. Ilikuwa siku yangu ya 9 kati ya 21 za karantini. Sina homa, sina chochote, nilikuwa nimehudhuria maziko Maruku tu. Kila asubuhi walikuja kunipima joto, wapole kweli, wakaandika kwenye karatasi yao, wakaenda. Yupo aliyeniahidi unga. Unga sikuuona. Siku 21 nilikula ndizi za jirani mmoja aliyekuwa anaziacha juu ya tofali, na mwisho wake nilidaiwa laki tatu na nusu.

Nilisema siku zile, na niliandika humu humu, kwamba mtu akinijia katika hali ile sitamfanyia nilivyofanyiwa.

Leo kaja.

Jumatatu, Januari 20

Rais katangaza mwenyewe, Dodoma, Tedros wa WHO yuko kando yake. Mgonjwa mmoja amethibitika. Sampuli ilipimwa maabara ya Kabyaile, ikathibitishwa Dar es Salaam. Wengine 25 ni hasi. Tedros kasema watatoa dola milioni 3, na kasema pia hapana sababu ya kuzuia safari wala biashara.

Machozi yalinitoka jikoni. Si woga. Ni zile siku 5. Toka Jumatano mpaka leo haisi ngapi zimepanda na kushuka mlima, viti vingapi, mikono mingapi? Najua kipimo cha juzi kinaweza kuwa hasi kweli na cha leo kikawa chanya kweli. Nimefundisha sayansi ya darasa la 6, hilo naliweza. Lakini mtu anaweza kusema "tuna wasiwasi, tunapima, kaeni chonjo". Haina gharama. Kusema "haipo" kuna gharama, na gharama yenyewe haimfiki aliyesema.

Nilidhani baada ya tangazo stendi italipuka. Wapi. Imetulia kuliko juzi. Vijana wa bodaboda wamepanga foleni kwenye ndoo yangu. Mmoja akauliza, "Mama, sabuni si itaisha?" Nikamwambia iishe.

Sahani 23. Watu wakiambiwa wanakula.

Jumanne asubuhi, redio: Marekani rais mpya kaapishwa jana, na siku hiyo hiyo kasaini nchi yake ijitoe WHO. Nikazima. Dawa za wifi yangu, zile za kila mwezi, zinatoka kwa fedha za nani? Najua ni za nani.

Jumatano, Januari 22

Mama kapiga kutoka Kamachumu, huko Muleba. Baba mkubwa hali si nzuri, presha imempanda na upande mmoja haufanyi kazi. Anataka niende. Binti kasema nisiende. Niko katikati ya mama yangu na mwanangu, na wote wawili wana haki.

Mama miaka 82, kichwa kizima. Nilipomweleza habari za kutosafiri akanirudishia Kashasha. Ya 1962, kicheko. Kilianza Januari 30, shule ya wasichana, kikashika 95 kati ya 159. Machi 18 shule ikafungwa, watoto wakapelekwa makwao, kikaibuka Nshamba, watu 217. "Waliwafungia shule, waitu, kicheko kikapanda gari pamoja nao." Anakumbuka msichana aliyekuwa anacheka huku machozi yanamtoka, wazee wamemshika mikono. Yeye wakati huo ana miaka 19.

Hoja yake naiona. Kufunga hovyo ni kutawanya. Ukiwatoa watu mahali pamoja bila kujua unawapeleka wapi, umeusambaza ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Nikamjibu: kicheko hakikuzika mtu, Mama.

Kimya. Halafu: "Unakuja au huji?"

Ijumaa, Januari 24. Kamachumu

Nimekuja. Baba mkubwa alifariki jana alfajiri. Binti sikumwambia mpaka niko njiani.

Kwenye haisi tulikuwa 6. Nauli ya watu 6, mafuta ya watu 18, dereva uso umemkunjamana njia nzima. Kizuizini wakatushusha, paji la uso, paji la uso, paji la uso. Kipima joto kikisita kidogo moyo unasimama.

Wamechukua sampuli ya marehemu. Majibu bado. Kwa hiyo hakuna kuosha, hakuna kumwona, hakuna mkesha. Watu 10 tu kaburini. Mwenyekiti wa kitongoji alisimama kwenye migomba akituhesabu kwa kidole, na yeye ni mtoto wa ukoo huu, marehemu ndiye aliyemlipia ada. Macho mekundu. Akifika 10 anaanza tena kuhesabu, kama vile labda amekosea, labda ni 9.

Timu ikaja na mavazi yao meupe. Jua la saa 7. Mtu aliyekunywa na marehemu miaka 50 anaambiwa asimame mita kumi. Mama hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, mikono mapajani, akaliangalia lile furushi la plastiki. Miaka 82 hajawahi kumzika mtu bila kumwona uso.

Rubugo ilikuwepo. Baba mkubwa aliitunza mwenyewe sandukuni, nguo ya gome la mti ya zamani, rangi ya kahawa iliyoiva. Tulijua haitaingia kaburini. Mmoja wa wale vijana weupe, macho tu ndiyo yanaonekana, akauliza ile nguo ni ya nini. Mama akamwambia. Kijana akazungumza na mwenzake, akaja akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akaitandaza juu ya jeneza kabla ya udongo. Kwa mikono miwili, na goti. Nani kamfundisha sijui. Mama akasema "kampire, waitu," kama anamsalimia mkubwa.

Nitamkumbuka kijana huyo kuliko hotuba zote.

Usiku hakuna matanga. Jirani wameacha ndizi njiani, mikungu 3, na kibuyu cha rubisi, wakaita toka mbali. Tumelala watu 4 nyumba yote.

Jumapili, Januari 26. Kamachumu bado

Hatukwenda kanisani. Nimekuta humu kwenye kabati kitabu changu cha zamani cha Uraia na nakala ya Katiba, kurasa zimeliwa na mende. Ibara ya 17, uhuru wa mtu kwenda atakako. Ibara ya 30, haki zina mipaka: ulinzi, usalama, amani, maadili, afya ya jamii. Afya ya jamii imo, imeandikwa. Nimeifundisha ibara hiyo zaidi ya miaka 20, watoto wameikariri, wakafaulu.

Siipingi. Sijawahi kuipinga. Kama mkono wangu unaweza kuua mtoto wa jirani, nifungwe mkono. Ninachotafuta humu na sikioni ni mahali panaposema: na wakati amefungwa, atakula nini, na mwanawe atakula nini, na deni lake atalilipa nani. Wajerumani nao walikuwa na kambi za malale Kigarama, Kiziba, 1907, enzi za daktari wao Koch. Walikuwa na dawa, atoksili, na dawa ile iliwapofusha baadhi ya wagonjwa waliojaribiwa. Watu walikimbia. Wakaandikwa kuwa ni wakaidi. Kwetu, mtu akisikia "kambi" miguu inamwamkia, na si ujinga. Ni kumbukumbu.

Kesho na keshokutwa Dar es Salaam kuna mkutano wa marais, wa nishati. Barabara zinafungwa kwa ajili ya misafara, na watumishi wa serikali wa jiji wameambiwa wafanyie kazi nyumbani. Mshahara uko palepale. Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Kukaa nyumbani na mshahara ni kupumzika. Kukaa nyumbani na sufuria tupu ni kitu kingine, na Kiswahili hakijakipa jina.

Jumanne, Januari 28

Hasi.

Majibu yameletwa na kijana wa pikipiki, karatasi ndani ya bahasha. Baba mkubwa hakuwa na Marburg. Kiharusi, kama Mama alivyosema tangu mwanzo.

Ukoo umewaka. Shangazi anapiga mikono chini: tungemwosha! Tungemwona! Kaka anataka kwenda ofisini kwao. Wamenitazama mimi, mwalimu, niseme.

Nimesema. Nimesema ningesubiri tena. Kama ni kesho, ni mimi mwenyewe nimelala pale, naomba msiniguse mpaka karatasi ije. Maana ile ya Maruku, 2023, ilianza na mtu aliyerudi kutoka kisiwa cha Goziba akiumwa, akauguzwa na wake, kama tunavyouguza sisi sote, kwa mikono. Watu walikufa kwa kupendana. Sikupata neno jingine.

Lakini siku 5 za kusubiri karatasi ni nyingi mno. Hilo nalo nimelisema, na hapo mwenyekiti mwenyewe kaitikia kwa kichwa. Kabyaile iko hapo Missenyi tu, maabara ipo, barabara ya lami ipo. Laiti ingekuwa siku mbili, Mama angemwona.

Mama kasema jambo moja tu, akaingia ndani: "Wewe umesema vizuri. Mimi sikumwona."

Alhamisi, Januari 30. Hamugembe

Nimerudi. Redio leo: Ebola, Kampala. Mwuguzi wa Mulago kafariki jana. Kaskazini Ebola, kusini Marburg, sisi tuko katikati na sufuria zetu.

Nimefungua mgahawa. Sahani 9. Wali umebaki, nimewapa watoto wa jirani.

Kesho marejesho ya mkopo wa kausha damu. 45,000. Sina hata nusu.

Jumanne, Februari 4

Shemeji wa Kyotera, Uganda, kaja na lori la Mutukula, kakaa nusu saa, maji ya moto na muhogo. Tumekumbushana korona. Yeye shule za kwao zilifungwa Machi 2020, hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili. Binti yake wa pili alikuwa darasa la mwisho la msingi, hakurudi tena, ana watoto wawili sasa. Shemeji anasema kwa sauti ya chini: "Ugonjwa haukuingia nyumbani kwangu. Kufungiwa kuliingia."

Sisi? Shule zilifungwa Machi 17, Juni 29 zote zimefunguliwa. Mgahawa wangu haukufungwa hata siku moja. Makanisa wazi, stendi wazi. Niliuza. Nilimshukuru Magufuli kwa moyo wote, naliandika lilivyo. Halafu namba zikakoma kwenye 509. Hakuna aliyetuambia tena enzi zake. Februari 2021 nilihudhuria maziko mawili katika wiki moja, mwalimu mkuu wangu wa zamani na mkewe, na tangazo likasema "changamoto ya upumuaji". Nilishika mikono ya wafiwa wote, mmoja mmoja. Nilikuwa huru kabisa. Sikuwa najua chochote.

Kwa hiyo shemeji alilindwa akafilisika, mimi niliachwa huru gizani. Tumekaa pale tunatafuna kahawa, hakuna anayemwonea mwenzake wivu.

1983 nilikuwa na miaka 19. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitoka mkoa huu huu. Tuliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo. Ukisema Dar es Salaam unatoka Bukoba mtu anasogea benchi. Nimezika kaka wawili. Hatukuwekewa karantini na mtu, wala haikuhitajika. Ilikuja yenyewe, machoni mwa watu, na haikuwa na siku 21. Ilikaa miaka.

Yule mtu wa Biharamulo. Sijui alikula wapi.

Jumatatu, Februari 10

Binti kapiga. Waliotangamana na wagonjwa, watu 281, wote wamemaliza siku 21. Sauti yake leo ina maji. Nikamwuliza kama amekula. Akacheka. Kicheko cha kwanza toka mwaka mpya.

Nimechukua kalamu. Watu 281, siku 21, nyumba ya kila mmoja ile kwa 5,000 kwa siku. 281 mara 21 ni 5,901. Mara 5,000 ni 29,505,000. Milioni 29 na nusu.

Nimerudia mara tatu, kama nilivyokuwa nawaambia watoto warudie. Dola milioni 3 ni zaidi ya bilioni 7. Mavazi yanahitajika, maabara inahitajika, magari, chumvi na dripu, posho za wanaolala na wagonjwa, mwanangu akiwa mmoja wao. Sikatai hata senti. Nasema milioni 29 na nusu tu, kati ya bilioni 7. Chakula cha kila mtu aliyeambiwa akae nyumbani kwa ajili yetu. Labda walipewa. Natamani wawe walipewa. Mimi 2023 sikupewa, na nilikaa hivyo hivyo, siku zote 21, sikutoroka, maana mwanangu aliniomba. Wengine hawana mwana wa kuwaomba.

Mtu anatoroka karantini usiku kwa sababu mtoto analia njaa, asubuhi tunamwita mkaidi.

Jumatano, Februari 12

Kikoba. Nimewasilisha. Tuko wanachama 30. Kila mmoja 1,000 kwa wiki, mfuko wa pembeni, hauguswi kwa harusi wala kipaimara. Mwanachama akiwekwa chini ya uangalizi, nyumba yake inapelekewa 5,000 kila siku, siku 21. Ni 105,000. Wiki 4 tu za kuchanga zinatosha mtu mmoja na chenji inabaki.

Mzozo. Mweka hazina kasema hiyo ni kazi ya serikali. Kweli ni kazi ya serikali. Mwenye duka, yule yule wa sukari, naye ni mwanachama siku hizi, alikaa kimya muda mrefu akiangalia kanga yake. Halafu kasema, "Mimi naanza," akatoa 1,000 akaiweka mezani. Mezani, mbele yangu, si chini.

Hatukuangaliana.

Waliokubali 22. Waliokataa 8.

Jumatano, Machi 5

Majivu. Foleni fupi kuliko miaka mingine, lakini ipo. Sahani 30. Watu wa Muleba wameanza kushuka na samaki tena, sato, dagaa wa Kerebe. Mwenye haisi kasema bei ya dagaa ilianguka nusu mwezi wa kwanza wote, hakuna aliyetaka kusikia wametoka Muleba. Wavuvi wamekula dagaa mpaka wamechoka.

Alhamisi, Machi 13

Imekwisha. Waziri katangaza. Siku 42 bila mgonjwa mpya, hesabu ikianzia kifo cha yule wa mwisho, Januari 28. Januari 28! Siku tuliyoletewa bahasha Kamachumu, tukagombana, kumbe siku hiyo hiyo Biharamulo kuna nyumba inalia.

Jumla 10. Waliothibitishwa 2, wanaodhaniwa 8. Wamekufa wote 10. Sikuweza kuendelea kumenya ndizi. Wote 10.

Na wote ni wa Biharamulo. Muleba hakuna hata mmoja. Jina la Muleba lilitajwa siku ya kwanza likabebwa miezi miwili, dagaa wakaozea mwaloni, Mama akamzika shemejiye bila kumwona. Simlaumu aliyelitaja. Ukingoja uhakika wote ndipo useme, umechelewa. Lakini waliolitaja kwa sauti kubwa Januari walitoe sasa kwa sauti ile ile. Leo nimesikiliza taarifa tatu za habari. Jina la Muleba halikutajwa kusafishwa.

Binti kaja jioni, moja kwa moja kutoka zamu. Kasimama kwenye ndoo, kanawa, muda mrefu, mpaka kwenye viwiko. Kisha kanipa mkono. Nikaushika. Ngozi imechubuka kwa klorini, imekuwa kama ya mzee. Tukakaa hivyo mlangoni, wateja wanapita pembeni.

Yule mtu wa Biharamulo hajarudi. Kila mwenye mfuko wa salfeti namwangalia usoni. Ndizi zake zipo.

Sahani 41. Kausha damu bado wananidai 170,000. Mfuko wa kikoba, wanachama 22, wiki 4: 88,000.